Wiki ya Mama Valvu

Kazini walimwita Mama Valvu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa idara ya maji ya mji, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye mikono ya kushika spana na miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Kazi yake ilikuwa kuyajua mabomba yaliyolala chini ya barabara, na hasa valvu zake, zile koki kubwa za chuma zilizo ndani ya mashimo yenye vifuniko, ambazo ukizifunga mtaa mzima unakosa maji. Ramani za ofisi zilikuwa za zamani na nusu yake ni uongo. Ukweli ulikuwa kwenye madaftari ya Mama Valvu.

Yalikuwa kumi na tisa, kazi ya miaka ishirini na miwili. Humo ulikuta valvu, ugonjwa wa pampu, namba ya simu ya mwenye nyumba fulani mkali, orodha ya vitu vya sokoni, halafu valvu tena. Mwenyewe alikuwa na njia yake ya kutafuta: daftari alilikumbuka kwa rangi ya jalada, na ukurasa kwa hali ya hewa ya siku ile.

"Ile ya mtaa wa shule," angesema, "iko kwenye la kijani, siku ile mvua ilinyesha mpaka nikaandikia ndani ya gari."

Na kweli angeipata. Wenzake walimcheka, lakini walimtegemea.

Jumanne moja asubuhi bomba lilipasuka nyuma ya posta, mbele ya safu ya maduka madogo. Mama Valvu alifika na mwenzake wa miaka mingi, fundi mmoja mzee, mkavu wa maneno, ambaye kila mtu alimwita Mzee Spana. Walifunua shimo, Mama Valvu akateremsha ufunguo mrefu wa chuma, akaanza kuzungusha kuelekea kulia, maana valvu karibu zote hufungwa hivyo. Alizungusha kwa nguvu zake zote. Maji hayakupungua. Yaliongezeka.

Kuna kitu kichwani kilikuwa kinamgonga. Valvu hii aliwahi kuishika. Aliwahi kuandika jambo juu yake. Akafungua mkoba, akapekua daftari jekundu, akalitupa, akapekua la bluu, kisha lile lisilo na jalada, vidole vyake vilivyolowa vikichana kurasa. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja ana ushauri wake. Zilipita dakika kama ishirini ndipo Mzee Spana akasema taratibu, "Hebu jaribu kushoto."

Akazungusha kushoto, na maji yakakatika.

Wakati huo duka la fundi cherehani lilikuwa limeshaingia maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa mjane, anafanya kazi peke yake, na sare sitini za shule alizokuwa amezimaliza zilikuwa zimefungwa mafungu mafungu na kupangwa sakafuni, tayari kuchukuliwa kesho yake.

Garini, wakirudi, Mama Valvu alimuuliza mwenzake, "Ulijua kwamba ile inafunga kushoto?"

"Nilikuwa nakumbuka kwa mbali."

"Mbona hukusema mapema?"

"Hukuniuliza," akasema Mzee Spana, akageuza uso dirishani.

Kesho yake Mama Valvu aliomba ruhusa kazini, akaenda dukani kwa fundi cherehani. Hakujua atasema nini. Alimkuta anakamua sare moja moja na kuzitundika kwenye kamba aliyoifunga toka mlangoni hadi kwenye nguzo ya taa.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwani wewe ndiye uliyelipasua bomba?"

"Kupasua, hapana. Lakini badala ya kulifunga nililifungulia."

Fundi cherehani akamsukumia beseni kwa mguu. "Basi shika hizo za wasichana. Usizisokote sana, marinda yataharibika."

Walishinda pamoja siku mbili, mmoja akisuuza, mwingine akipiga pasi. Shule ilikubali kungoja. Sare nne zilikuwa zimeingia doa la kutu ambalo halikutoka, na Mama Valvu alizitazama zile nne kuliko alivyozitazama zile hamsini na sita.

Siku ya tatu aliipata ile habari. Ilikuwa kwenye daftari la njano, katikati ya namba ya seremala na kipimo cha dawa ya kikohozi ya bintiye, enzi hizo akiwa mdogo. Aliandika hivi: "Nyuma ya posta, inafunga KUSHOTO. Usisahau." Neno la mwisho lilikuwa limepigiwa mistari miwili. Aliketi kitandani na daftari mapajani, mumewe akamwita kula mara tatu.

Jumapili shemeji yake alikuja kuwatembelea. Alikuwa mdogo wa mumewe, mtu wa maneno mengi, na kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya programu za kompyuta ili watumiaji wasipotee. Alisikiliza habari yote, akaomba aletewe madaftari. Yakaletwa ndani ya karai. Akayafunua moja moja.

"Shemeji," akasema, "wewe huna shida ya kuandika. Shida yako ni kukipata ulichokiandika. Unahitaji wiki."

"Wiki moja itanifaa nini? Hayo yanataka mwaka."

Mumewe alicheka mpaka chai ikampalia. Ikabidi shemeji aeleze kwamba wiki aliyoisema si siku saba. Ni kurasa ndani ya kompyuta, kila ukurasa na jina lake, na popote utakapolitaja jina la ukurasa mwingine, jina lile linakuwa mlango. Unaligusa, unaingia. Akaandika palepale ukurasa wa valvu ya nyuma ya posta, ndani yake akataja bomba linalopita pale, bomba likataja pampu, pampu ikataja mtaa.

Mama Valvu akavaa miwani. "Kwa hiyo ni kama ukoo. Ukimtaja mtu, unaambiwa ni mtoto wa nani na shangazi zake wako wapi."

"Ndiyo hivyo hivyo. Ila ukoo huu hautakuja kukaa kwako miezi mitatu."

Alianza kwa bidii ya mgeni. Alitaka kila kitu kiwe mahali pake kabla hajaandika neno. Akagawa mji kanda sita, kila kanda mitaa yake, kila mtaa mabomba yake, akabishana na nafsi yake kama pampu ni ya kanda au ya bomba. Miezi miwili ikapita. Alikuwa na vichwa vya habari thelathini na kimoja na chini yake hamna kitu. Amejenga kabati, nguo hana. Huku mkobani, kimyakimya, alikuwa ameshanunua daftari la ishirini, na alilificha kama mtu aliyeahidi kuacha sigara.

Shemeji ndiye aliyeliona, siku alipotumwa kuchukua kalamu mkobani.

"Hili nalo?"

"Usiniulize," akasema Mama Valvu. "Kile kitu chako kimenishinda. Kichwa changu hakina kanda sita."

Shemeji hakumcheka. "Nani alikwambia upange? Futa hivyo vichwa vyote. Na madaftari yaache kwenye karai. Andika ulichokigusa leo, basi. Cha zamani utakihamisha siku utakayokihitaji."

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Kila mchana, baada ya kula, Mama Valvu alikaa kwenye kreti ndani ya stoo ya pampu na kompyuta ya zamani ya bintiye, ambayo kitufe chake cha herufi V kilikuwa kigumu mpaka ukigonge kwa kidole gumba. Mtu anayeandika valvu kutwa nzima alikuwa na haki ya kulalamika. Aliandika sentensi tatu, nne. Jina akilitaja, analifanya mlango, hata kama nyuma yake bado hakuna chumba. Baada ya wiki kadhaa, zile za siku saba, aliona kurasa zinaanza kuitana zenyewe.

Ulipoanza mradi wa kubadilisha mabomba ya mtaa wa kiwanda cha viatu, aliandika sio tu walichofanya, bali na sababu. Kwa nini bomba limepinda kwenye kona. Nani alisema lisipite chini ya mti. Walijaribu nini kwanza kikashindikana.

Kikwazo kilikuwa Mzee Spana. Mambo mengi ya kale yalikuwa kichwani mwake, na kichwa kile kilifungwa kuliko valvu yoyote. Mama Valvu alipomuuliza, alijibu mkato.

"Nikikupa yote, mimi nitabaki na nini?"

Halikuwa jibu la ubaya, na Mama Valvu alilielewa. Mtu wa miaka hamsini na tisa, asiye na cheti hata kimoja, alichokuwa nacho ni kile anachokijua yeye peke yake. Hakumsumbua tena. Badala yake alimfungulia ukurasa. Akaandika yale aliyoyaona na aliyoyasikia: tangi ambalo Mzee alilitengeneza wakati wa ukame, pampu aliyoifufua kwa mkanda wa mashine ya kusaga, bomba la mtoni alilolaza na wenzake wawili. Akamwachia kompyuta wazi kwenye kreti, akatoka kwenda kunawa.

Aliporudi, Mzee Spana alikuwa ameinamia kioo, mikono nyuma, kama anayeogopa kukichafua.

"Umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Bomba la mtoni si la inchi sita. Ni la inchi nne, mpaka kwenye daraja. Toka pale ndiyo sita. Na hatukuwa watatu. Tulikuwa wanne. Mmoja amefariki, ndiyo maana watu wanamsahau."

"Nipe jina lake nimwandike."

Mzee akamtajia jina. Mama Valvu akaliandika, akamfungulia na yeye ukurasa wake. Mzee Spana akavuta kreti nyingine, akaketi. "Sasa, hilo daraja," akaanza, na siku hiyo walichelewa kurudi kazini kwa saa nzima. Tangu hapo alikuja kila mchana. Hakupenda kuulizwa. Alipenda kukuta kosa. Mama Valvu alilitambua hilo mapema, na zipo siku ambazo aliandika kosa kwa makusudi.

Mwaka ulikuwa unakaribia kuisha wakati mama yake mzazi alipovunjika nyonga. Ikabidi Mama Valvu achukue likizo ya mwezi mzima akamuuguze, mji mwingine, safari ya siku nzima. Kabla ya kuondoka, shemeji alimsaidia kuiweka ile wiki kwenye kompyuta ya ofisi. Mama Valvu mwenyewe aliwaonyesha wenzake namna ya kuifungua, wakaitikia kwa vichwa kama watu wanaongoja kwenda nyumbani.

Simu yake aliiweka mezani, karibu na dawa za mama. Kila likizo ilikuwa hivyo hivyo: siku ya pili, ya tatu, lazima wampigie. Iko wapi ile ya sokoni? Ile ya hospitali inafungwa raundi ngapi? Safari hii siku ya tatu ilipita. Ikapita ya kumi. Mara mbili aliishika simu kuangalia kama imezimika.

"Unangoja nani?" mama yake akamuuliza.

"Kazini."

"Wamesema watapiga?"

"Hapana."

"Basi nipe mkono niamke," akasema mama, na wakatembea pamoja mpaka dirishani, hatua kumi na mbili, nyingi kuliko jana.

Aliporudi, alikuta kwamba bomba la mtaa wa kiwanda cha viatu lilipasuka katika wiki yake ya pili ya likizo. Walilifunga ndani ya dakika tisa. Kwenye ukurasa wa bomba hilo kulikuwa na mistari ambayo hakuiandika yeye, haina nukta wala herufi kubwa, ikieleza valvu zipi zilifungwa na kwamba kifuniko kimoja kimezibwa na meza ya muuza magazeti, aombwe kwa upole.

Jioni alimweleza mumewe. "Hawakunipigia hata mara moja."

"Ulitaka wakupigie?"

Akavua viatu. "Mwanzoni nilitaka. Iliniuma, sikufichi. Halafu nikaona mama anatembea, nikasahau simu ilipo."

Kesho yake mchana aliketi kwenye kreti, akasoma tena ile mistari ya wenzake. Hakuigusa. Chini yake akaongeza tarehe, na jina la yule aliyezifunga valvu zile, baada ya kuulizia ofisi nzima alikuwa nani.