Neno la Siri la Mzee Masanja

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, kaeni vizuri, anayeandika ni mstaafu. Nilikitumikia kiwanda cha minofu ya sangara karibu likizo nzima ya Juni, nikastaafu na miaka kumi na saba, meno yote yakiwapo.

Siku ya kwanza Mkuu wa Kompyuta, mama mpole ambaye hata meneja alimbishia hodi, alinipa kazi ya kuwatungia makarani maneno ya siri. Seva, yaani kompyuta kuu yenye hifadhidata ya mizigo yote, ilikuwa mjini. Kituo cha kupokelea samaki, alikokuwa karani Mzee Masanja, kilikuwa Pasiansi, kikiifikia seva kwa waya wa simu kupitia modemu, kidude kinacholia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikatumia majina ya kina mama wa kantini, nikayatia kwenye bahasha. Nilijiona fundi!

Maneno yalipoanza kutumika, Pasiansi ikakataliwa na seva asubuhi nzima. Meneja akaja juu: "Huyo Masanja asipoingia leo, Jumatatu naweka karani anayejua kompyuta!"

Mkuu alijaribu neno la Masanja kwenye seva yenyewe, likakubali. Akakagua orodha ya vituo vinavyoruhusiwa kuingia kutoka mbali, Pasiansi ipo. Akafungua kumbukumbu, daftari ambamo seva huandika kila anayebisha hodi: jina sahihi, neno la siri si sahihi, mara kumi na moja.

"Simu ni nzima, ruhusa ipo," alisema. "Chukua baiskeli, kamwangalie vidole. Usimfundishe. Mwangalie."

Nilimkuta Mzee Masanja kofia imelowa jasho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mashine yenu inanichukia."

"Hebu andika nione."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu: mamamkwe.

"Mzee! Kwenye bahasha si niliandika Kabula?"

"Nyamaza!" Akafunga dirisha. "Hilo ni jina la mama mzaa mke wangu. Nimtaje mimi, tena kwa kidole? Nimeandika cheo chake. Mashine iliyosoma itaelewa."

Nilitaka kucheka. Nikaikumbuka Jumatatu, kicheko kikarudi tumboni. Nikazima modemu ili waya uwe huru, nikampigia simu Mkuu.

"Kosa la nani?" akauliza.

"Langu, mama. Sikumwuliza mtu."

"Basi meneja utamwambia hivyohivyo. Mzee nampa neno la muda, abadilishe mwenyewe. Wewe ukiwa umegeuka."

Meneja nilimwambia. Masanja alibaki kazini. Mimi nilistaafishwa siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Mkuu alinisindikiza hadi getini, akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Nimeshasahau mengi ya kazi ile, uzee huu. Ila neno jipya la Mzee Masanja sikulijua kamwe. Siku ile nilikuwa nimeukabili ukuta wa Pasiansi, nikasikia modemu ikilia, ikanyamaza, halafu mzee akaiambia mashine, "Ahsante, mwanangu."