Sofa Iliyozunguka Laini Nzima

Siku ile mabega yangu yanaikumbuka kuliko kichwa changu, mwanangu. Kaa hapa nikuambie. Sijawa mzee wa kushika fimbo, lakini nimechoka vya kutosha kutoa nasaha, na kesho wale vijana wa takwimu wanakuja kuuliza hali za nyumba. Nimekusikia ukimwomba jirani televisheni yake.

Wakati ule tulikaa kambi ya polisi, ukishuka kidogo kutoka Old Kampala, ndani ya unipoti, vile vibanda vya bati vya duara ambavyo mchana vinakuoka na usiku vinakugandisha. Baba alikuwa konstebo, mtu wa Arua. Mama alikuwa na mgongo mbovu, na maji yalikuwa chini bondeni. Kila asubuhi alipanda na jerikani kichwani, akisimama njiani kana kwamba anasalimia watu, kumbe anapumzika. Mimi msichana wa sekondari nilikuwa na ndoto moja tu: bomba lije karibu na mlango wetu. Niliota mpaka rangi ya koki.

Basi tukasikia kwamba serikali inatuma watu waulize kila nyumba ina nini, na laini, yaani safu za vibanda, zitakazoonekana zina shida zaidi ndizo zitakazoletewa bomba kwanza. Hayo tuliyasikia vizuri kabisa. Tatizo, tulisikia pia kwamba mgeni anakuja.

Sasa nani angemkalisha mgeni juu ya jerikani iliyopinduliwa? Sofa ilikuwa moja laini nzima, ya Mama Furaha, Mkongo aliyeolewa na sajini.

"Chukueni," alisema, "lakini atakayemwaga chai hapo atanijua."

Kuku pia alikuwa mmoja, tuliyemchangia. Mgeni akaanzia kwetu, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi. Akakaa kwenye sofa, akapewa firigisi, ambayo Baba hakuwahi kumwachia mtu. Akamuuliza Mama kama ana kazi.

"Kazi? Sina, mwanangu. Nakaa tu nyumbani," Mama akajibu, na kanga yake bado imelowa maji ya asubuhi.

Mlango wa jirani ulikuwa hapo hapo tu. Lakini kwetu mgeni hasindikizwi hatua mbili. Mama akamtoa, akamzungusha nyuma ya jiko, akamuuliza habari za wazazi wake, za shangazi zake, za mvua ya kwao, na huku mimi na kaka yangu tunaikimbiza sofa nyumba ya pili. Huko akakuta paja la kuku yule yule. Nyumba ya tatu, kidari. Kila nyumba ikamsindikiza vizuri, na kila nyumba ikamkalisha kwenye kiti kilichotangulia kufika kabla yake. Kufikia kwa Mama Akello, mke wa koplo, alikuwa amelegeza mkanda. Akapapasa mkono wa sofa.

"Nyabo, mimi na hii sofa kama tumeshaonana."

"Zilinunuliwa pamoja," Mama Akello akasema bila kupepesa.

"Na hili doa?"

"Ndivyo zilivyotoka sokoni Owino, zote."

Kijana akacheka, akajikuna kichwa. "Haya. Swali langu linataka kujua tu, ipo au haipo?"

"Ipo!" tukaitikia sote kwa fahari, hata sisi tuliokuwa mlangoni tukihema.

Miezi ikapita. Siku moja mwenyekiti wa laini akarudi kutoka mkutanoni, kofia mkononi. Bomba limepelekwa kwingine, akasema. Sisi tumeonekana tuna nafuu. Kila nyumba ina sofa, kila nyumba inakula kuku, na akina mama hawana kazi za kuwachosha.

Mama ndiyo kwanza alikuwa anatua jerikani. Akatutazama, mmoja mmoja.

"Bambi, masikini sisi," akasema. "Basi leteni hiyo sofa tuinywe."

Tulicheka, mwanangu, mpaka Mama Furaha akakaa chini. Kisha Mama akachukua jerikani ya pili akashuka tena. Nilimfuata. Wakati wa kupanda alisimama pale pake pa siku zote, na njia ilikuwa tupu, hakuna hata mtu mmoja wa kusalimia. Nikaishika jerikani kwa chini ili isimwelemee sana.

Tangu hapo, redio ikisema uchumi umekua, mimi hutazama huku na huku nione umekulia kwa nani. Sina hasira na wale wa takwimu. Waliandika walichokiona, na sisi ndio tuliowaonyesha.

Kwa hiyo nakuomba, hiyo televisheni iache kwa mwenyewe. Mgeni mpe chai, mpe maneno mazuri, msindikize hata mpaka barabarani, ila nyumba aikute ilivyo. Akikuuliza kama una kazi, mtajie kazi zako zote, hata zile zisizolipwa, na usione haya. Shida iliyofichwa haina wa kuiletea dawa. Na kama ndoto zako zitakufikisha kwenye zile ofisi wanakopanga mambo, usitosheke na kuuliza kama kitu kipo. Uliza na cha nani.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe ulimi usioogopa kusema hali yako, na akukutanishe na watu wenye subira ya kukusikiliza mpaka mwisho.