Mashimo ya Mize

Mize binti Kombo, wa hapa Chole, alirithi kwa mama yake mashimo ishirini na mawili. Ni matundu ya pweza kule mwambani, kila moja na jina lake. Kwetu mwanamke haonyeshi shimo lake hata kwa dada wa tumbo moja. Humwonyesha bintiye tu, magoti yakishachoka. Shimo likichokolewa taratibu kwa kijiti, pweza mwingine huhamia. Likivunjwa, basi tena. Mize alikuwa na kijiti tangu tuko darasa la nne, na shimo hata moja halikumharibikia.

Ukaja mradi wa hifadhi. Mtaalamu wao, Costantine, kijana wa bara, shikamoo haikauki mdomoni. Akasema mwamba ufungwe miezi mitatu, pweza wakue. Ila kwanza mashimo yaingizwe kwenye ramani. "Bila kujua yaliko, bibi zangu, tutayalindaje?"

Wanawake wakakunja mikeka, wakarudi majumbani. Mimi ndiye katibu wa kamati, maana mwandiko wangu unasomeka. Nikamfuata Mize uani kwake.

"Wamekulisha nini hao?" akaniuliza.

"Sijalishwa kitu. Wapiga mbizi wakija na nondo zao, utawazuia na kijiti?"

"Mama alisema nimwonyeshe mwanangu Safia, tena nikishazeeka."

"Kwani bado? Unainuka kwa kushika ukuta!"

Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonipa ruhusa yake.

Bamvua lile, maji yalipotoka mbali na mwamba ukabaki wazi, tukatembea naye. Anagusa shimo kwa kijiti, anataja: Kwa Mkwe, La Bi Shangazi, Mlango Mwembamba. Costantine anabonyeza simu, mimi naandika daftarini. Ramani ikabandikwa ofisini, na nakala wakapewa wadau. Wadau ndio akina nani? Sikuuliza, mimi mwenye kujua kusoma.

Miezi mitatu Mize alikula muhogo kwa chumvi, mwamba hakuukanyaga.

Siku ya kufungua tukavishwa kofia, tukaambiwa tumsubiri mgeni rasmi avuke kutoka Utende. Alivuka maji yameshaanza kurudi. Tuliposhuka, boti za mnunuzi wa pweza zilikuwa zinaondoka. Wapiga mbizi wake walikuwa huko tangu alfajiri, na ramani kwenye simu. Kwa Mkwe limepasuliwa. Mlango Mwembamba ni kokoto tupu. Mize alikwenda shimo hadi shimo, yote ishirini na mawili, maji yakamfika kiunoni.

"Nani kawapa?" nikamuuliza Costantine.

"Hata wanunuzi ni wadau, bibi. Ndiyo sera. Na mavuno yamepanda mara tatu!"

Kwenye ripoti yao tumefanikiwa, na picha yangu imo, nimevaa kofia.

Bamvua lililofuata Safia alikuja na kijiti kipya. "Mama, nionyeshe sasa."

Mize akanyoosha chake kwangu. "Muulize katibu. Yeye ndiye aliyeyaandika."

Nikafungua daftari. Nikamsomea Safia majina yote, tumesimama juu ya mawe yaliyovunjika. Mama yake alikuwa ameshageuka anarudi nyumbani, na hadi leo hajanijibu salamu.