Jogoo wa Supu ya Mama

Jiko letu la Mabira lilinuka moshi, maganda ya ndizi na kinyesi cha kuku, kwa sababu kuku walilala humo humo, nyuma ya mafiga. Mpaka leo nikipita penye jiko la namna hiyo husimama kidogo. Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, na nyumbani tulikuwa na ugomvi mmoja tu, wa jogoo. Alikuwa mwekundu, mkubwa, na kila siku aliwaongoza majike kuvuka kibanja chetu cha migomba hadi kwenye maharage ya jirani, Mama Byera. "Mama Kemi, jogoo wako ananilimia bila kutumwa!" alipiga kelele, fimbo mkononi. Baba aliona aibu. Alisema tumchinje, majike watataga tu kama kawaida. "Huyu anakula bure, hatagi." Mama akamtazama. "Na wewe unataga?" Tulicheka mpaka baba naye akacheka. Kisha mama akaeleza taratibu kwamba bila jogoo mayai tutakula, lakini vifaranga hatutawaona. Baba hakutaka kukosana na jirani. Mwishowe wakakubaliana jogoo abaki hadi mama ajifungue, ndipo achinjwe. Kwetu mwanamke akijifungua huchinjiwa kuku, na supu huinywa yeye kwanza. Mama akamfunga jogoo mguu kwa kamba ya mgomba, akawa anampa pumba kwa mkono wake. "Nenepa," alimwambia. "Tuna miadi mimi na wewe."

Uchungu ulipomshika, mama aliondoka asubuhi kwa bodaboda kwenda hospitali, shangazi amemshika kwa nyuma. Aliniachia kazi ya kumlisha jogoo. Niliposikia gari linakuja, nilikimbilia jikoni kuchochea moto, maana maji ya kunyonyolea yangehitajika. Walikuwa wamemrudisha mama na mtoto katika sanduku moja.

Msibani watu walipojaa, shangazi alishika kisu, akasema wageni waliotoka mbali wapikiwe yule jogoo. Baba alisimama mlangoni pa jiko. "Huyo ana mwenyewe." Shangazi akakiweka kisu chini. Watu walipotawanyika, Mama Byera alikuja akaifungua ile kamba. "Mwacheni atembee," alisema, na habari za maharage hakuzitaja tena. Jogoo akazeekea kwetu. Kila alipowika alfajiri baba aliamka, akawasha moto jikoni kama mama alivyokuwa akifanya, akakaa pale bila kupika kitu. Majike wakaatamia, wakaangua vifaranga wengi. Mama alikuwa amesema kweli.

Sasa naishi Murongo. Nafuga kuku wa mayai bandani, bila jogoo, na asubuhi huamshwa na simu. Watu wanadhani nimefanya hivyo kwa ajili ya biashara. Sivyo. Mwaka jana nilijifungua salama, na baba, mzee sasa, akaja kwa bodaboda amempakata jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. "Shikamoo baba," nikasema. Hakuitikia. "Huyu achinjwe leo hii. Asingoje." Alimchinja mwenyewe, akamnyonyoa, akampika. Kisha akakaa mbele yangu, kofia magotini, akinitazama ninavyokunywa. Nilipomaliza alilichukua bakuli, akaliinamisha kidogo kuhakikisha kwamba limebaki tupu. Ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu."