Jina Lililotupwa Ng'ambo

Kijana wa redio, Mardochée, alimwuliza Rachida swali moja, na mpaka leo nikimwona anapita na pikipiki yake natamani kumrudishia. "Mama, wakati ule wa vita, ulikuwa unaimba kwa sababu ya sanaa, ao kwa sababu ya jina?" Kana kwamba mtu ana mifuko miwili tu, na roho yake lazima iingie katika mmoja.

Mimi ni msusi. Nasukia nywele kwenye kibaraza kilekile ambapo Rachida anauza mafuta ya mawese, hapa Mikelenge, mtaa wa Kindu, na tumeishi lupango mmoja, ua mmoja, tangu tukiwa wasichana. Watu wananiita Mama Christelle. Siku hiyo nilikuwa kibarazani nikimsikiliza redioni, kichwa cha mteja mkononi, na Rachida alipokaa kimya badala ya kujibu, nilivuta nywele mpaka mteja akapiga kelele.

Alikaa kimya kwa sababu jibu lake halikuwa katika hayo mawili. Nalijua jibu hilo. Katika miaka ya vita Rachida alikuwa anamwita mume wake aliyekwama ng'ambo ya mto, na hakuwahi kujua kama mume alimsikia.

Alizaliwa katika nyumba ya watu wa msikiti. Baba yake aliposikia kwamba binti anaimba kwenye nganda, penye bia na muziki, tena anaishi na mpiga gita Mkristo anayeitwa Jules, alimwambia asikanyage tena mlangoni pake. Hakukanyaga. Hata siku baba alipozikwa, alisimama kando ya njia na kutazama jeneza likipita. Kwa hiyo Jules alikuwa mume, na kaka, na ukoo wote.

Jules huyo alikuwa mkaidi wa maneno machache. Angeweza kushinda kutwa na mstari mmoja wa wimbo, chakula kikapoa, mke akanuna, yeye hana habari. Ndiye aliyetunga "Chumvi". Ni wimbo wa utani tu: mume ametumwa dukani kununua chumvi, hajarudi, na mke anamwita akiwa jikoni, "Nimepika bila chumvi, rudi tule." Mwishoni gita linabaki peke yake kidogo, na hapo ndipo ugomvi wao ulipoanzia.

Kwetu, gita likibaki peke yake, mwimbaji hutupa majina. Anataja mwenye duka, anataja mwenye magari, na aliyetajwa anainuka, anacheza, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Jules alikubali hayo katika nyimbo zote isipokuwa "Chumvi". Hapo alitaka wimbo upumue. Siku moja, katika ukumbi ulio karibu na kituo cha gari la moshi, watu wakiwa wamejaa mpaka madirishani, Rachida alitupa jina, na halikuwa la tajiri yeyote. Alitupa lake mwenyewe: "Rachida wa Mikelenge!" Ukumbi ulilipuka. Kujitaja mwenyewe ni jambo la nyota, la mtu anayejua kwamba yeye ndiye mkubwa mle ndani. Jules aliweka gita chini kabla wimbo haujaisha.

Ukuta wetu ni mwembamba, niliwasikia.

"Weye unapenda jina lako kupita wimbo," alisema Jules.

"Na weye unapenda wimbo kupita muntu."

Nisimtakase rafiki yangu. Jina lake alilipenda. Alitembea sokoni polepole makusudi ili watu wapate nafasi ya kumwita. Lakini kesho yake Jules alipopanda mtumbwi wa pirogi kwenda ng'ambo ya mto, Alunguli, na kushika njia ya mji mdogo wa Kama ambako aliitwa kupiga gita kwenye matanga, Rachida alisimama kibarazani akiwa na sahani yake ya asubuhi mkononi, na uso wake haukuwa wa nyota. Jules alisema tu, "Nitarudi."

Askari walikuwa tayari mjini, lakini njia zilikuwa zinapitika. Jules akiwa huko, mapigano yakauzunguka mji na mto ukafungwa. Pirogi zilivutwa nchi kavu, na aliyejaribu kuvuka alipigwa risasi. Gari la moshi halikuja tena. Chumvi ikaisha kweli. Tulipika sombe, majani ya muhogo, na kuimeza tukiwa tumefumba macho, na watoto wakaacha kuililia chumvi.

Askari wanapenda muziki. Kulikuwa na nganda kando ya maji yenye spika moja mbovu iliyowashwa kwa batri ya gari, na Rachida akaitwa huko aimbe. Mwenye bunduki akikuita, humwambii una kazi nyingi. Jioni, mto ukitulia, sauti ilivuka mpaka ng'ambo. Aliimba "Chumvi", na mji mzima ukalia, maana ule utani ulikuwa umegeuka maisha yetu. Wakubwa wa askari nao walilia, sijui walikuwa wanalilia nini. Gita, sasa mikononi mwa mpigaji mwingine wa bendi, lilipobaki peke yake, alitaja majina yao kama alivyoamriwa. Halafu, mwisho kabisa, alitaja lake.

Nilikasirika. Nilimwuliza, "Dada, watu wanakufa, na weye unajitaja? Nani anakulipa?"

Alinivuta pembeni. "Ile spika inakwaruza, sauti ya kila mwanamuke inakuwa moja. Jules akiwa ng'ambo, atajua aje kama njo mimi? Bomu lilianguka mu barabara yetu. Kule wanasema tulikufa wote. Akisikia jina, atajua niko muzima. Atatafuta njia arudi."

Basi akaimba hivyo jioni baada ya jioni. Jina lake likawa kubwa kuliko lilivyowahi kuwa wakati wa amani. Watoto waliliimba, na kisimani wanawake walimpisha mbele. "Na nilipenda," aliniambia baadaye. "Uongo gani niseme? Niliita mume wangu, na nilipenda vile watu walinipigia mikono. Yote ilikuwa mu kinywa kimoja."

Mto ulipofunguliwa alihamia kivukoni. Kila pirogi iliyofika aliitazama mpaka mtu wa mwisho ashuke. Walishuka watu waliokonda, walishuka mbuzi, walishuka wanaume waliotangazwa kuwa wamekufa, na wake zao wakaanguka chini kwa vigelegele. Jules hakushuka. Mfanyabiashara mmoja alisema amemwona Kama, mzima, anachimba dhahabu. Rachida alituma salamu kupitia kwa mtu, mtu huyo hakurudi tena Kindu. Akatuma kwa mwingine, akaambiwa Jules amehamia shimo jingine na hakukutwa.

"Nenda mwenyewe," nilimwambia.

"Kama alinisikia na akakaa, naenda kuomba nini? Na kama hakunisikia, yeye njo alipaswa kurudi aangalie kama niko hai."

Nilimgombeza mpaka nikachoka. Hakwenda. Nilimwona akizeeka na swali hilo moja, alinisikia, hakunisikia, nami sikuwa na dawa yake.

Wakubwa wale wa askari waliondoka. Wapigaji wa bendi walitawanyika Goma na Kinshasa. "Chumvi" haikurekodiwa popote, kwa hiyo vijana hawaijui. Mara mojamoja anaitwa kwenye harusi aimbe wimbo mmoja kabla simu hazijaunganishwa kwenye spika, na kila mara anamalizia kwa jina lake. Vijana wanacheka. Wanasema mama huyu hana wa kumtaja, anajitaja mwenyewe. Halafu anarudi nyumbani, anapika sufuria ndogo, na kupitia ule ukuta wetu mwembamba namsikia akiosha sahani moja. Mimi nina watoto na wajukuu wanaonitia wazimu, lakini mlio wa sahani ile unaniumiza.

Sasa mwelewe hasira yangu kwa Mardochée. Kipindi chake kilikuwa kinabishana juu ya waimbaji wa siku hizi, nani msanii wa kweli na nani anatafuta jina tu, akaona amlete mama mmoja wa zamani kama mfano. Alipokosa jibu alisema, "Basi utuimbie." Rachida akaimba "Chumvi" yote, bila gita, na mwisho akataja jina lake. Mardochée akacheka hewani. "Jibu tumelipata!"

Rachida alirudi kibarazani, akafuta chupa zake za mafuta ambazo zilikuwa safi tayari.

Baada ya siku chache akaja msichana mmoja. Nilidhani anataka kusukwa, nikamvutia kiti. Akanisalimia kwa adabu, akanipita.

"Mama, weye njo Rachida wa Mikelenge?"

"Njo mimi. Unataka chupa ngapi?"

"Sitaki mafuta, mama. Naitwa Déborah, naishi Alunguli na mama yangu. Nilisikia redio. Ule wimbo, papa yangu njo aliutunga."

Rachida aliketi. Mkono wake ulitafuta benchi kwanza, ukalipata, ndipo akaketi.

"Yuko wapi?"

"Alikufa kule Kama, mwaka jana. Njo maana tulihamia Alunguli. Ilikuwa kifua, mama, na vumbi ya mashimo."

Nilisubiri alie. Hakulia. Hakuuliza juu ya mama wa msichana wala ndoa yao. Aliuliza lile lake.

"Alinisikia?"

"Alikusikia." Msichana alitazama vidole vyake, vidole virefu, vilevile vya Jules. "Alitembea kutoka Kama mpaka Alunguli, hapa ng'ambo. Pirogi zilikuwa zimekatazwa, akakaa kwa watu pembeni ya mto. Kila jioni alikuwa anakusikia."

"Na kisha?"

"Mama, unisamehe."

"Sema."

"Alisema, Rachida amekuwa mukubwa. Wakubwa wa bunduki wanatajwa, kisha yeye anatajwa. Alisema, nilimwambia anapenda jina, sasa amelipata. Muntu wa gita moja anarudia nini kule? Akageuka, akarudi Kama."

Rachida alisimama. Sijawahi kumwona vile.

"Mupumbavu," alisema. "Mupumbavu ule! Niliimba rudi tule. Rudi tule! Yeye mwenyewe njo aliyaandika hayo maneno!"

Akalipiga teke dumu la mafuta. Lilianguka, mafuta yakatiririka mekundu kwenye saruji mpaka chini ya kiti changu, na hakuna kati yetu aliyeinama kulisimamisha. Ndipo akalia, kwa sauti, mdomo wazi, mtu mzima wa umri wetu, mbele ya wapita njia. Alimlilia Jules na kumtukana kwa pumzi ileile. Nilimshika mabega. Nami nilikuwa nalia, tena kwa hasira, maana kati ya mume na mke palikuwa na maji tu, na sauti iliyavuka salama, ikafika kwenye masikio yaliyokwisha kuamua.

Alipotulia, Déborah alisema kwa woga, "Alitufundisha huo wimbo."

"Imba."

Msichana aliimba. Aliimba polepole kuliko Rachida, polepole sana, na nikakumbuka kwamba hata hilo waligombania zamani. Alipofika mwisho alinyamaza, akabaki anagonga benchi taratibu kwa kidole. Tukangoja. Akaacha kugonga.

"Umesahau?" Rachida aliuliza.

"Hapana, mama. Hapa papa alikuwa anapiga gita peke yake, na sisi tunanyamaza. Nilimwuliza siku moja. Akasema hapa pana jina la mwimbaji mwenyewe, si sisi wa kulitaja."

Rachida aliweka kiganja chake kwenye benchi, pale kidole kilipokuwa kinagonga.

"Zamani alikuwa hataki jina hapo," alisema. "Hata kidogo."

Kisha akainuka kwenda jikoni. Alisema ana sombe, na samaki, msichana akae tule. Lakini jua lilikuwa limeshuka, pirogi zilikuwa zinakaribia kuisha, na mama yake Déborah alikuwa peke yake upande wa pili. "Nitarudi," alisema msichana. Niliona Rachida akishtuka kwa neno hilo, lakini akajitanda kitenge chake, tukamsindikiza.

Tukafika kivukoni. Déborah alipanda, mpiga kasia akasukuma, na tukabaki tumesimama kwenye matope pamoja na wauza samaki waliokuwa wanafunga beseni zao. Nilitaka twende. Rachida hakusogea. Pirogi ikawa ndogo, ikakaribia ng'ambo, na mto ulikuwa umetulia kama zile jioni za zamani.

Hapo tukasikia sauti. Ilikuwa nyembamba kwa umbali, lakini wimbo ni ule, na mwendo ni ule wa polepole wa Jules. Nimepika bila chumvi. Ukafika mwisho, ukanyamaza, na wauza samaki wakainua vichwa. Kimya kile kilikaa kwa kadiri gita linavyokaa peke yake.

"Rachida wa Mikelenge!"

Jina lilitoka ng'ambo, likavuka maji, likatufikia. Miaka yote hiyo lilikuwa halijawahi kurudi.

Rachida hakupunga mkono, wala hakuita. Alisema, "Nimesikia," lakini kwa sauti ndogo ambayo hata mimi, niliyekuwa nimemshika mkono, niliipata kwa shida.