Kahawa ya Ofisi ya Malalamiko

Wiki jana nilimsindikiza jirani yangu, dada wa kazi kutoka Kisii, kwenye kituo cha polisi hapa Al Rayyan, ugenini kwa Waarabu. Askari mmoja alimwita mwizi mbele ya madamu wake, naye dada alitaka jina lake lisafishwe kabla hajafukuzwa.

Afisa wa malalamiko, mtu mzima anayejua Kiswahili cha Unguja, alitumiminia kahawa. Binti wa watu alijibu kwa neno mojamoja. Kumshtaki polisi kwa polisi, nani amezoea?

Desturi ya huku, ukitosheka unakitikisa kikombe ili usiongezewe. Yeye hakujua, akawa anakinyoosha tu, nacho kinajazwa. Mie nilijua, ila nilinyamaza, maana kila kikombe kilimfungua mdomo. Birika lile lilishinda sanduku lolote la maoni.

Mara dada akasimama. "Afande, hata kijiko cha mtu sijaiba! Huyo askari wenu aje aniombe msamaha mbele ya madamu!"

"Kesho atakuja, dada, nami nitakuwa naye," afisa akasema. "Sasa kitikise kikombe, nipumzike."

"Ngoja kwanza. Sijakwambia ya yule wa pale getini."

Nikasogeza kiti. Ya getini yanipite mimi?