Futari ya Karo

Juzi nilimwona binti yangu akipangusa kikaango kwa gazeti kabla ya kukiosha, nikanusa tena jiko la bibi yangu kule Ole, alasiri moja ya Ramadhani.

Bibi alikuwa akikaanga sambusa. Nilipotaka kumwaga mafuta yaliyotumika, alinizuia. "Karo halili mafuta, mjukuu wangu." Nami, niliyekuwa kwenye funga yangu ya kwanza, nikaelewa kwamba karo, lile shimo la maji machafu uani, nalo limefunga. Nikalionea huruma.

Adhana ya magharibi ilipolia, nilimeza tende moja, nikakimbilia uani na kopo la mafuta, nikayamimina yote kwenye mtaro unaoingia karoni.

Bibi alinikuta nimeinama, nasikiliza kama linameza.

"Nalifuturisha," nikamwambia.

Hakunigombeza. Aliweka tende yake juu ya jiwe la kufulia, akakunja kanga, akamwaga majivu mtaroni na kuyazoa yale mafuta kwa kifuu cha nazi kabla hayajafika shimoni. Siku hizi najua mafuta huziba karo likafurika, na kisima chetu kilikuwa hatua chache tu mteremkoni, chini ya shimo lile. Siku ile niliitazama tende tu. Nyumba nzima ilikuwa imeshafuturu. Aliyebaki na funga ni yeye peke yake.